Nyuzi za konea: mshono unaoshika kidonda na kupinda mwanga

Tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc huko Moravia (leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki), daktari wa macho Eduard Zirm alimpandikizia konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kibarua aitwaye Alois Glogar, ambaye macho yake yote mawili yalikuwa yameunguzwa na chokaa. Konea hiyo ilitoka kwa mvulana wa miaka 11 aliyeondolewa jicho baada ya kujeruhiwa na kipande cha chuma. Jicho moja la Glogar halikufaulu. La pili lilibaki angavu, na ndilo linalohesabiwa kuwa upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa wa konea ya binadamu kwa unene wake wote.

Wanaoisimulia habari hii aghalabu hupitia juu kwa juu jambo moja: Zirm hakuishona konea yenyewe. Alikiweka kile kipande cha milimita 5 katika tundu lake, akapitisha nyuzi kwenye utando laini unaofunika weupe wa jicho, kisha akazivusha juu ya kipande kwa msalaba ili zikikandamize kisibanduke. Nyuzi na sindano za siku zile zilikuwa nene mno kwa tishu yenye unene wa nusu milimita. Kuzipitisha ndani yake kungeirarua.

Leo konea hushonwa kila siku katika hospitali nyingi za macho duniani, na mgonjwa akiambiwa ana nyuzi 16 ndani ya jicho hushangaa jinsi asivyoziona. Kinachobaki kigumu kueleweka ni kwa nini nyuzi hizo zinakaa mwaka mzima wakati za mguuni zilitolewa baada ya wiki mbili. Kwa nini daktari anatoa uzi mmoja leo na kuuacha wa jirani yake. Na kwa nini mtu aliyeshonwa vizuri kabisa, bila usaha wala kovu kubwa, bado haoni sawasawa. Majibu yote yanatoka mahali pamoja. Uzi wa konea una kazi mbili zinazogombana: unatakiwa kushika kidonda kinachopona polepole mno, na papo hapo usiharibu umbo la kioo ambacho mwanga unapita.

Kidonda kisicho na damu

Konea ni ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, inayofunika mboni pamoja na duara lenye rangi. Kwa mtu mzima upana wake ni kama milimita 11 hadi 12. Wengi hudhani kazi ya kukusanya mwanga ni ya lenzi iliyo ndani, kumbe karibu theluthi mbili ya nguvu ya jicho ya kupinda mwanga iko kwenye konea. Ili ibaki angavu, haina mishipa ya damu hata mmoja. Oksijeni inaipata hewani kupitia machozi, na chakula inakipata zaidi kwenye maji yaliyo nyuma yake.

Uangavu huo una gharama yake siku konea inapokatika. Kidole kikikatwa, damu huganda, huleta seli za ulinzi na za ujenzi, na siku chache baadaye kingo zimeshaanza kushikana. Konea haina msafara huo wa kuiletea msaada. Inajitegemea, na kila tabaka lake linapona kwa mwendo wake.

Tabaka la nje ndilo lenye haraka. Seli zake huzaliwa upya kutoka kwenye mpaka wa konea na weupe wa jicho, na mchubuko mdogo hufunikwa ndani ya siku moja hadi tatu. Mkato ukiwa wa kina, seli hizo huteremka ndani ya ufa na kuuziba kwa muda. Mtu akitazama kwa macho matupu siku ya tatu anaweza kuapa kwamba kidonda kimepona. Hakijapona. Kimefunikwa tu.

Chini yake kuna stroma, ambayo ni kama asilimia 90 ya unene wote. Imejengwa kwa matabaka zaidi ya 200 ya nyuzinyuzi za kolajeni, protini inayoipa tishu nguvu, zilizopangwa kwa nafasi sawa kiasi kwamba mwanga hupita bila kutawanyika. Mkato ukipita hapo, seli zilizo kando yake hufa, na zile za mbali kidogo, ziitwazo keratosaiti, huamka kutoka kwenye utulivu wao. Hubadilika kuwa seli za ukarabati, husogea kuelekea jeraha, huvuta kingo na kutengeneza kolajeni mpya. Tatizo ni kwamba kolajeni hiyo mpya haifuati ule mpangilio wa kwanza, na ndiyo sababu kovu la konea huwa jeupe. Kazi hii huchukua miezi, wala haikamiliki: hata baada ya miaka, kovu halifikii nguvu ya konea ambayo haijawahi kukatwa. Madaktari wamewahi kupokea watu waliopandikizwa konea miaka mingi iliyopita ambao, kwa kupigwa ngumi au kuanguka, mshono wao wa zamani ulifumuka.

Tabaka la ndani kabisa lina mstari mmoja tu wa seli. Hizi ndizo zinazosukuma maji kutoka kwenye stroma ili isivimbe na kuwa na ukungu. Kijana ana kama 2,500 hadi 3,000 katika kila milimita moja ya mraba, na kwa binadamu seli hizi karibu hazijigawi. Zikifa, majirani zake hutanuka kuziba pengo, basi. Kwa hiyo kila koleo lililoshika ukingo wa ndani kwa pupa, kila sindano iliyotoboa mpaka ndani, huacha hasara isiyolipika.

Kingo za ndani zina umuhimu mwingine. Zikiachwa wazi, maji ya jicho huingia kwenye stroma na kuivimbisha, na zile seli za tabaka la nje zilizoteremka kwenye ufa zinaweza kupata njia ya kuingia mpaka ndani ya jicho na kusambaa humo. Hilo likitokea, kuokoa jicho ni kazi kubwa. Mshono mzuri basi si ule unaopendeza juu, bali ule unaokutanisha kingo za chini ambazo aliyeshona hazioni vizuri.

Uzi unaowahi na uzi unaochelewa

Kabla ya nyuzi kuzoeleka kwenye jicho, aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho alilazwa chali siku nyingi, kichwa kikibanwa kwa mifuko ya mchanga, ili kidonda kijifunge chenyewe. Boston, katika miaka ya 1860, Henry Willard Williams alianza kukifunga kidonda hicho kwa uzi mwembamba wa hariri, na wazo likaenea polepole sana. Kwa miaka mingi chaguo lilikuwa kati ya hariri na uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa wanyama.

Uzi wa utumbo ni protini, na mwili huumeng'enya kwa vimeng'enya vyake. Shida yake kwenye konea ni kwamba hakuna anayejua utadumu siku ngapi: jicho lenye uvimbe mkali huula upesi, na jicho lenye uvimbe mkali ndilo hasa linalohitaji uzi udumu. Hariri ni laini, fundo lake halifunguki, na ncha zake hazichomi kope. Lakini ni uzi wa kusokotwa, wenye nafasi kati ya nyuzi zake ndogo ambamo bakteria hujificha, na mwili huuona kama mgeni. Seli za uvimbe hukusanyika kuuzunguka, mishipa ya damu huanza kutambaa kutoka pembeni kuifuata, na tishu iliyoshikwa na uzi hulainika hadi uzi unalegea. Waganga wa zamani hawakuichukia tabia hiyo moja kwa moja, maana uvimbe huharakisha kovu. Kwenye konea, hata hivyo, kovu la haraka hulipwa kwa kovu nene, na mishipa ikishaingia haitoki kirahisi.

Mambo yalibadilika vitu viwili vilipokutana. Hadubini ya upasuaji, ambayo kampuni ya Zeiss iliitoa mwaka 1953 na ikatumika kwanza zaidi kwenye masikio, ilihamia kwenye macho. Na nailoni, iliyobuniwa katika maabara ya DuPont mwaka 1935, ilivutwa kuwa uzi mmoja usiosokotwa, mwembamba kupita nywele. Katikati ya miaka ya 1960, Heinrich Harms na Günter Mackensen wa Tübingen, Ujerumani, walikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba ukitazama kwa hadubini unaweza kuishona konea yenyewe kwa uzi huo.

Uzi ambao leo unatawala chumba cha upasuaji wa konea ni nailoni ya namba 10-0. Katika hesabu ya nyuzi za hospitali, sifuri zinavyozidi ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. 10-0 una kipenyo cha kati ya mikromita 20 na 29, wakati unywele wa kichwani mara nyingi una 60 au zaidi. Ukidondoka kwenye shuka la kijani la upasuaji, kuutafuta ni kazi ya bure.

Nailoni ilishinda kwa sababu tatu. Mwili hauigombi sana. Haina mianya ya kuficha bakteria. Na ya tatu, ambayo mimi naiona ndiyo kubwa ingawa haitajwi sana: inanyumbuka. Siku ya upasuaji konea imevimba. Wiki chache baadaye uvimbe unashuka na kingo zinapungua unene. Uzi usionyumbuka hubaki ukining'inia, umelegea. Nailoni hujivuta kidogo na kuendelea kushika.

Kasoro yake ni ukakamavu. Fundo hutaka kujifungua na ncha iliyokatwa huchoma kama haikufichwa. Tena nailoni haidumu milele, ingawa huwekwa katika kundi la nyuzi zisizoyeyuka. Maji ya tishu huivunjavunja kidogo kidogo, na ndani ya konea mara nyingi hukatika yenyewe baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Tutalirudia hilo.

Walitokea waliosema: kama nailoni inaoza, tutumie isiyooza. Polisteri na polipropilini hudumu muda mrefu zaidi. Polisteri, lakini, hainyumbuki, na uzi mwembamba usionyumbuka ukikazwa kwenye tishu laini huikata taratibu na kupita. Polipropilini humsumbua anayefunga fundo, kwa jinsi inavyoteleza. Nafasi yake nzuri imekuwa kufungia lenzi bandia kwenye ukuta wa jicho au kurekebisha duara lenye rangi, sehemu ambazo uzi unatakiwa kubaki miaka na miaka.

Kundi la mwisho ni nyuzi zinazoyeyuka, hasa poliglaktini, inayojulikana hospitalini kwa jina la Vicryl. Hubaki na kama robo tatu ya nguvu yake baada ya wiki mbili, nusu baada ya wiki tatu, na hutoweka kabisa kati ya siku 56 na 70. Sasa linganisha kalenda hiyo na ya stroma. Wiki ya tatu, wakati uzi umepoteza nusu ya nguvu, konea ya mtu mzima ndiyo kwanza imeanza kujenga. Kwa pandikizi, uzi huo unaondoka mapema mno. Lakini kwa mtoto wa miaka miwili aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, ambaye kumtoa uzi mmoja ni kumlaza tena kwa dawa ya usingizi, kidonda chake kidogo kinapona upesi na uzi unaoyeyuka una maana kubwa. Hapo uvimbe kidogo unaoletwa na uzi wenyewe unavumilika. Uzi ule ule, jicho tofauti, hukumu tofauti.

Sindano inapita wapi

Ukimpa fundi hodari uzi mbaya atahangaika. Ukimpa asiyejua nailoni bora ya 10-0 ataharibu jicho. Mbinu ina uzito kuliko uzi, na ningeanza na kina.

Sindano ya konea ni bapa, imenolewa pembeni, ili ipite kati ya matabaka ya kolajeni badala ya kuyakata kwenda chini. Inatakiwa ishuke hadi asilimia 80 au 90 ya unene, kisha itokee upande wa pili kwa kina kile kile. Ikipita juu juu, kingo za juu hubanana vizuri huku za chini zikifunguka, na tumeshaona kinachofuata. Ikitoboa mpaka ndani, uzi unakuwa mfereji: maji yanavuja kufuata njia yake, na bakteria wanaweza kupita kuelekea ndani. Na kina kikitofautiana kati ya pande mbili, ukingo mmoja unakaa juu ya mwingine, ngazi ndogo inabaki, na ngazi hiyo huvuruga machozi na mwanga.

Kisha urefu. Kila uzi ukikazwa hubana eneo la kidonda lenye umbo kama la pembetatu kila upande wake. Uzi mrefu hubana eneo kubwa, kwa hiyo unaweza kuweka nyuzi chache zilizoachana. Uzi mfupi hubana eneo dogo na unahitaji majirani wa karibu. Kwenye pandikizi, kila upande hushikwa kwa kama milimita moja hadi moja na nusu. Kwenye konea iliyopasuka kwa ajali, urefu haufanani kote, na sababu yake ni somo zuri.

Konea ina mviringo. Uzi ukikazwa hulalisha tishu iliyo chini yake, na mahali pengine panalazimika kuinuka ili kufidia. Ukiweka uzi mrefu uliokazwa sana karibu na mboni, umelalisha sehemu ile ile ambayo mgonjwa anatazamia. Mmarekani James Rowsey na wenzake walilifafanua jambo hili katika miaka ya 1980: pembezoni weka nyuzi ndefu na uzikaze vya kutosha, maana huko zikilalisha pembeni zinasaidia katikati kurudisha mviringo wake; kadiri unavyokaribia mboni, nyuzi ziwe fupi, chache, zimekazwa kiasi tu cha kuzuia maji yasivuje, na ikiwezekana pasiwe na uzi unaokatiza katikati kabisa ya njia ya kuonea. Ninapoona picha ya konea iliyoshonwa kwa nyuzi zenye urefu sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, kama vile imepigwa rula, najua aliyeshona alikuwa anafikiria kidonda tu, hakufikiria mwanga.

Ufa wa mshazari una mtego wake. Ukipima umbali sawa kutoka kwenye mstari unaouona juu, sindano itakuwa karibu mno na ukingo wa chini upande mmoja na mbali mno upande wa pili, na kingo zitateleza. Umbali unapimwa kutoka kwenye ufa wa chini. Ufa wenye umbo la nyota, unaotokea jicho likipigwa na kitu butu au kipande cha chuma, mara nyingi haufungiki kwa nyuzi za kawaida. Uzi mmoja huzungushwa ndani ya tishu kupitia kila ncha, kisha huvutwa kukusanya ncha zote katikati. Ncha zikikataa bado, gundi huitwa.

Fundo la nailoni hufungwa kwa mizunguko mitatu, kisha mmoja, kisha mmoja, hukatwa fupi kabisa, halafu huzungushwa hadi lizame ndani ya tishu. Fundo lililobaki nje husugua kope usiku na mchana. Utando wa ndani wa kope huota vinundu, kamasi hukusanyika kwenye ncha, mishipa hufuata.

Mwisho wa yote, kidonda hupakwa rangi ya fluoresini na kumulikwa kwa taa ya buluu. Palipo salama rangi hutulia. Panapovuja, maji ya jicho huisukuma kando na kijito cheusi huonekana kikiteremka katikati ya kijani. Kipimo hiki chenye jina la Erich Seidel ni cha bei ya chini mno, na hakuna mashine iliyokiondoa kazini.

Kutoka chungwa hadi yai

Sasa tuje kwa yule mgonjwa aliyeshonwa vizuri lakini haoni sawasawa. Konea nzuri ina mviringo unaokaribiana pande zote, kama chungwa. Uzi mmoja uliokazwa kuliko wenzake huivuta kuelekea umbo la yai: katika mstari wa uzi huo, katikati ya konea hupinda zaidi, na katika mstari unaokatiza hupinda kidogo. Mwanga haukusanyiki tena mahali pamoja. Kasoro hiyo huitwa astigmatizimu, na baada ya konea kupandikizwa si ajabu kukuta ya diopta 4 au 5 (diopta ni kipimo cha nguvu ya kupinda mwanga), kiasi ambacho miwani ya kawaida hukisahihisha kwa shida. Pandikizi ni angavu, daktari ameridhika, mgonjwa analalamika. Wote wawili wako sahihi.

Ndiyo maana mpangilio wa nyuzi kwenye pandikizi umezua ubishi wa miaka mingi. Baada ya kipande kuwekwa, nyuzi nne za mwanzo huwekwa juu, chini, kulia na kushoto. Wa pili ndio wenye hatari kuliko wote, kwa sababu ndio unaoamua kama tishu imegawanywa sawa kati ya nusu mbili. Ukikosea hapo, nyuzi zote zinazofuata zinarithi kosa. Baada ya hizo nne, njia zinaachana. Wengine huweka nyuzi moja moja hadi 16. Wengine huendesha uzi mmoja mrefu kuzunguka duara lote, mara nyingi kwa michomo 24. Wengine huchanganya.

Uzi wa kuzunguka hujigawia mkazo wenyewe. Palipobana huvuta kutoka palipolegea, na daktari anaweza hata kuusogeza wiki chache baadaye akiona umbo limeenda upande. Lakini ukikatika mahali pamoja, duara zima limelegea. Nyuzi moja moja hazina uungwana huo, kila moja ina mkazo wake, ila unaweza kutoa moja bila kugusa nyingine. Konea ikiwa na mishipa upande mmoja, au nyembamba upande mmoja, au mgonjwa akiwa mtoto, nyuzi moja moja ndizo za busara, kwa sababu kidonda kitapona upande mmoja kabla ya mwingine na nyuzi za upande huo zitalegea kwanza.

Hili linawagusa sana wagonjwa wa Afrika Mashariki. Wengi wanaohitaji pandikizi huku ni vijana wenye keratokonasi, konea inayojichongoa kama ncha, na baadhi yao wameanza na mzio mkali wa macho tangu utotoni. Jicho la mzio linawasha, linatoa kamasi, na mwenye nalo hulisugua. Nyuzi hulegea mapema, mishipa hutambaa. Kumwendesha mgonjwa kama huyo kwa uzi mmoja wa kuzunguka kisha kumrudisha nyumbani, safari ya siku nzima kutoka hospitali, ni kamari ambayo mimi nisingeicheza.

Kujua kama umbo limenyooka kabla ya kufunga kazi, daktari humulika konea kwa duara la mwanga na kuangalia taswira yake inavyorudi. Duara likirudi duara, vizuri. Likirudi yai, kuna uzi unaobana. Kuna vifaa vya kisasa vya kazi hii, na pale visipokuwepo, kile kijiduara cha nyuma cha pini ya nguo, kikiwa kimesafishwa kwa namna ya chumba cha upasuaji, kimefanya kazi hiyo kwa heshima zote.

Lini uzi utolewe

Hapa kalenda mbili, ya uzi na ya kidonda, zinakutana. Kwenye pandikizi la mtu mzima, daktari hungoja miezi kadhaa kabla ya kugusa uzi wa kwanza, akiongozwa na ramani ya konea: anautoa ule unaobana, anapima tena baada ya wiki kadhaa, anaamua kuhusu unaofuata. Mara nyingi kazi humalizika baada ya mwaka au mwaka na nusu. Kutoa uzi mmoja kunaweza kubadilisha diopta kadhaa kwa siku moja. Kunaweza pia kuleta mshangao mbaya, na kuna nyuzi zinazoachwa makusudi kwa sababu mgonjwa anaona vizuri zikiwepo. Kwa mpasuko wa ajali nyuzi hutoka mapema zaidi, kwa kawaida kuanzia mwezi wa pili au wa tatu, kwa kuanza na zilizo mahali palipokwisha kupata kovu.

Matone ya steroidi yanaichelewesha kalenda ya kidonda. Yanatuliza uvimbe na kuzuia mwili usilikatae pandikizi, lakini seli za ukarabati nazo hupungua kasi. Mgonjwa anayeyatumia kwa wingi ana kidonda kichanga kuliko miezi yake inavyoonyesha. Mzee vilevile.

Kwa mtoto mchanga kila kitu kinakimbia. Pandikizi lake linashikana ndani ya wiki chache, nyuzi zinalegea karibu wakati huohuo, na uzi uliolegea kwa mtoto huita mishipa na kukataliwa kwa pandikizi kwa kasi ya kutisha. Zaidi ya hapo, ubongo wake unajifunza kuona. Ukipelekewa picha ya ukungu kwa miezi, huliacha jicho hilo na kulitegemea lingine.

Sheria moja haina ubishi kwa umri wowote: uzi uliolegea hutolewa, hata kama uliwekwa wiki iliyopita. Haushiki kitu tena. Unakusanya kamasi, unakaribisha bakteria na kuamsha kinga ya mwili. Ikiwa kidonda bado hakijakomaa, unawekwa mwingine. Wakati wa kuutoa, jicho husafishwa kwa iodini, uzi hukatwa, kisha huvutwa kwa namna ambayo sehemu iliyokuwa nje, yenye uchafu wa nje, haiburuzwi kupitia ndani ya tishu, na fundo halikatizi juu ya kidonda.

Je, isiposhonwa kabisa?

Kuna upasuaji ambao umeukimbia uzi. Zamani kutoa mtoto wa jicho kulihitaji mlango wa milimita 10 hadi 12, uliofungwa kwa nyuzi tano au zaidi, na mgonjwa aliondoka na astigmatizimu yake. Siku hizi hospitali nyingi za Afrika Mashariki hutumia njia ya mkato wa handaki, ile ambayo Sanduk Ruit wa Nepal ni miongoni mwa walioieneza: mlango unachimbwa kimshazari kwenye weupe wa jicho hadi ndani ya konea, na shinikizo la jicho lenyewe huukandamiza ukafunga. Mashine ya mawimbi ya sauti, wazo la Charles Kelman la mwaka 1967, imeufikisha mlango kwenye milimita mbili na ushei. Na kwa wagonjwa ambao tatizo lao ni tabaka la ndani peke yake, Mholanzi Gerrit Melles alionyesha kwamba linaweza kupandikizwa hilo tu, likishikiliwa na kiputo cha hewa huku mgonjwa akilala chali. Konea haipindwi, na kuona hurudi baada ya wiki badala ya miaka. Gundi ya sianoakrileti nayo huziba vitundu visivyozidi milimita mbili hivi, ikifunikwa na lenzi laini ili isichome kope.

Yote haya ni neema, lakini yamezaa majivuno fulani. Handaki lililochimbwa vibaya linavuja, na kuna wanaoona aibu kuliwekea uzi kwa sababu tangazo lilisema upasuaji hauna mshono. Uzi mmoja wa nailoni, utakaotolewa baada ya wiki chache, haumwaibishi mtu. Jicho lililoingia bakteria kwa kukosa uzi huo ni habari nyingine.

Na wapo wale ambao nyuzi zao bado zimo. Nailoni inaoza kimyakimya, na siku ya kukatika haitoi taarifa. Mtu aliyeshonwa miaka miwili iliyopita, ambaye amezoea jicho lake na hajaenda kliniki tangu mwaka jana, anaamka asubuhi akihisi mchanga ndani ya jicho. Anaona wekundu, mwanga unamchoma, machozi yanamtoka. Ananunua matone dukani, pengine yenye steroidi, na wekundu unapungua kwa siku mbili huku bakteria wakijenga jipu dogo jeupe pembeni ya ncha ya uzi iliyochomoza. Ampigie aliyemshona, au aende kliniki ya macho iliyo karibu, siku hiyo hiyo. Uzi uliokatika hutolewa kwenye kiti cha kawaida cha kliniki, kwa matone ya ganzi, ndani ya dakika chache.